Siku saba Lamu: kupima huduma anayopewa mtoto mgonjwa

Siku ya 1. Mokowe hadi Amu

Barabara inaishia gatini Mokowe. Kuanzia hapo ni boti hadi Amu, yaani kisiwa cha Lamu. Mzigo wa kazi hii si mzito: fomu za karatasi, saa mbili za kuhesabia pumzi, kipima oksijeni cha kidoleni chenye kibanio cha mtoto mchanga, utepe wa kupimia mzingo wa mkono, vipimajoto viwili vya friji, dumu tupu la lita 5, na jedwali la maji kujaa na kupwa. Jedwali hilo ni chombo cha kazi kama vingine. Akina mama wa vijiji vya ng'ambo hufika kliniki kwa maji, si kwa saa. Siku za bamvua bahari hukauka kati ya asubuhi na adhuhuri, na chumba cha kusubiria huweza kuwa kitupu saa zile zile ambazo mgeni ametenga za kuhesabu wagonjwa. Asiyejua ataandika kwamba kituo hakina kazi. Ijumaa nayo haipangiwi lolote kuelekea adhuhuri.

La kuamua kwanza ni nini hasa kinapimwa. Avedis Donabedian, mwaka 1966, aligawa ubora wa huduma mafungu matatu, na mgawanyo wake bado unafaa: vilivyopo (watu, dawa, vifaa), kinachotendwa, na matokeo kwa mgonjwa. Wakaguzi wengi huishia fungu la kwanza kwa sababu kabati halikimbii: unalifungua, unahesabu, unatia alama. Fungu la tatu linavutia, lakini kwa zahanati ndogo linapotosha. Kituo cha kijiji kimoja kinaweza kupitisha miezi bila kifo cha mtoto, na kifo kimoja kikitokea huenda mtoto aliletwa akiwa ameshalemewa. Kwa hiyo uzito wa safari hii uko katikati: mtoto huyu, leo, alitendewa nini?

Sababu ya kusimama hapo ni nzito. Mwaka 2018 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo takriban milioni 8.6 kwa mwaka vingezuilika kwa huduma za afya, na kati ya hivyo milioni 5 ni vya watu walioipata huduma ikawa mbovu. Waliofika wakafa ni wengi kuliko wasiofika. Kenya imepiga hatua: vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 52 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 hadi 41 katika ule wa mwaka 2022. Shabaha ya dunia ni kufika 25 ifikapo mwaka 2030, na pengo hilo halizibwi kwa kujenga kuta peke yake.

Jioni ni mazoezi. Waangalizi wawili wanahesabu pumzi za mtoto yule yule kwa dakika ile ile, kila mmoja na karatasi yake. Wakipishana kwa zaidi ya pumzi 2, hawakuafikiana. Ambaye hakuafikiana na mwenzake kwa angalau watoto 8 kati ya 10 haingii chumba cha mashauri kesho yake. Anabaki kwenye madaftari. Ni ukali, lakini kipimo kinachoyumba mikononi mwa watu wawili hakiwezi kumhukumu wa tatu.

Vituo hatuvitaji kwa majina, na yaliyoonekana kimoja tumeyasimulia pamoja na ya kingine. Makosa haya ni ya namna kazi ilivyopangwa, na yangemkuta yeyote aliyewekwa pale.

Siku ya 2. Kisiwani Amu, chumba cha mashauri

Mwangalizi anaingia kabla ya mgonjwa wa kwanza, anasalimu, anaomba ruhusa kwa mhudumu na kisha kwa kila mama, halafu anakaa nyuma ya bega la mhudumu, mahali ambapo mama hamwoni usoni. Hasemi. Ana ruhusa moja tu ya kuvunja kimya chake: mtoto akiwa hatarini na hakuna aliyeona.

Wanaoandikwa ni watoto wa miezi 2 hadi wasiotimiza miaka 5, waliokuja kwa ugonjwa mpya. Waliorudi kuangaliwa hawaingizwi, kwa kuwa mengi yaliulizwa juzi na yataonekana kama yamerukwa leo. Wachanga wa chini ya miezi 2 wana fomu yao.

Fomu ina kazi 10, zile zilizomo katika faharasa ya Shirika la Afya Duniani ya utunzaji jumuishi wa magonjwa ya watoto. Tatu ni dalili za hatari: je, mama aliulizwa kama mtoto anaweza kunywa au kunyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege? Tatu ni malalamiko makuu, yaani kikohozi au shida ya kupumua, kuharisha, na homa, na yote matatu huulizwa hata kama mama ametaja moja. Zilizobaki ni nne: kupima uzito, kuulinganisha na chati ya ukuaji, kutazama viganja kama vimepauka, na kukagua chanjo. Kila kazi ni alama 1. Mtoto aliyefanyiwa 6 ana 6, na wastani wa watoto wote ndiyo alama ya kituo. Wepesi wa hesabu hii ni kwamba haikulazimu kujua kama ugonjwa ulitambuliwa sawasawa. Na upungufu wake ni huo huo.

Kazi zinazorukwa hazirukwi ovyo. Mama akisema "mwana ana homa", mazungumzo yote yanakimbilia malaria na kuharisha hakuulizwi. Uzito hupimwa karibu kila mara, kwa sababu mizani ina mtu wake mlangoni. Kinachokufa ni kuulinganisha na chati, maana anayepima yuko chumba kimoja na kijitabu cha mama na mtoto kiko ndani ya mkoba chumba kingine. Mtoto wa miezi 14 mwenye kilo 7 anapita mlango huo akiwa tarakimu tu.

Kisha pumzi. Hapa tulikaa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa kuwa nimonia huamuliwa hapa. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kasi. Kwa wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5, 40 au zaidi. Huhesabiwa dakika nzima, mtoto ametulia mapajani, hanyonyi, nguo imepandishwa mpaka kifua na tumbo vionekane. Kinachofanyika pengi ni kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4. Chukua mtoto wa miezi 9. Pumzi 12 katika sekunde 15 zinafanya 48: hana nimonia, arudi nyumbani. Pumzi 13 zinafanya 52: ana nimonia, apewe amoksilini. Pumzi moja, ambayo labda ilikuwa katikati ya kupanda wakati hesabu inaanza, imebadili dawa.

Kwa nini dakika nzima haipatikani? Foleni ni sababu, lakini si ya kwanza. Ya kwanza ni mpangilio. Mtoto akishavuliwa nguo na kuning'inizwa kwenye mizani atalia, na akilia hesabu haina maana tena. Anaingia kwa mhudumu akiwa bado anakwikwi, na mhudumu anakadiria kwa macho. Ukigeuza mpangilio, dakika inapatikana bila kuongeza mtu: mtoto ahesabiwe pumzi angali mapajani kwa mamake, kisha kipimajoto, mizani iwe ya mwisho. Na saa yenyewe iwepo. Saa ya ukutani isiyo na mshale wa sekunde haisaidii, na simu ya mhudumu imo mfukoni ikisubiri chaji.

Mizani tuliijaribu kwa maji. Pima dumu tupu, andika; tia lita 5 kamili kwa kipimo cha jikoni chenye mistari, pima tena; tofauti iwe kilo 5. Ikizidi au ikipungua kwa zaidi ya gramu 100, mizani irekebishwe au iondolewe. Mizani za kuning'iniza zenye springi hapa huliwa na hewa ya chumvi: mshale unarudi karibu na sufuri lakini haufiki, na suruali ya kupimia yenyewe ina uzito. Sufuri iwekwe suruali ikiwa imeshaning'inizwa, kila asubuhi, na kila mara suruali inapobadilishwa.

Mhudumu akimaliza, mtaalamu wa timu anampima mtoto upya chumba cha pili, bila kuona kilichoandikwa. Hapo ndipo zinapopatikana hesabu mbili ambazo haziruhusiwi kutenganishwa: kati ya watoto waliohitaji antibiotiki, wangapi walipewa iliyo sahihi kwa kipimo sahihi; na kati ya wasiohitaji, wangapi waliondoka bila kupewa. Kituo kinachompa kila mtoto amoksilini kitang'ara katika ya kwanza. Ya pili ndiyo inayokifichua.

Kipimo sahihi, kwa vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka, ni kidonge 1 kwa mtoto wa miezi 2 hadi mwaka, 2 kwa wa mwaka 1 hadi 3, na 3 kwa wa miaka 3 hadi 5, asubuhi na jioni kwa siku 5. Kosa la kawaida ni mtoto wa miaka 4 kupewa vidonge 2. Si kwa kutojua, bali kopo limebaki na vidonge vichache na foleni ni ndefu.

Jambo moja zaidi kuhusu kukaa chumbani. Watafiti waliofuatilia matabibu mkoani Arusha, Tanzania, waliona kwamba kazi huboreka mwangalizi anapoingia, kisha hurudi ilivyokuwa baada ya wagonjwa 10 hadi 15. Kwa hiyo watoto wa mwanzo wa siku huandikwa lakini huchambuliwa peke yao. Zahanati inayopata watoto 6 kwa siku haifiki huko kamwe, na kwake tunaongeza kisa cha kubuni, ambapo mhudumu anasomewa habari za mtoto na kueleza angefanya nini. Kisa kinapima anachojua. Chumba kinapima anachofanya. Pengo kati ya viwili hivi likiwa kubwa, semina nyingine haitasaidia chochote, na ni kosa kuipendekeza.

Siku ya 3. Mkanda, kisha Pate

Boti inaondoka Amu maji yakijaa. Mkanda, mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakipwa. Tunashukia Mtangawanda, kisha boda kwenye mchanga.

Leo ni siku ya friji. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mlangoni kuna chati ya kuandika joto asubuhi na jioni. Chati ya kuaminika ina vilima na mabonde: 4, 6, 5, 7, 3. Chati yenye 5 asubuhi na 5 jioni kwa mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiobadilika, imejazwa siku moja. Hatubishani na mtu. Tunaacha kipimajoto chetu katikati ya friji usiku kucha, na mahali pana kirekodi cha siku 30 tunakisoma pamoja na muuguzi.

Watu huogopa joto, na wana haki. Alama iliyobandikwa kwenye kichupa imewafundisha. Mraba wa ndani ukifanana rangi na duara linalouzunguka, au ukiwa mweusi zaidi, chanjo hiyo haitumiki. Lakini alama hiyo haisemi lolote kuhusu kuganda, na kuganda huharibu chanjo ya penta (inayokinga magonjwa matano), ya nimokoka na ya pepopunda kimya kimya. Kichupa kinayeyuka, kinaonekana sawa, mtoto anachomwa sindano isiyomkinga. Chanzo huwa kichupa kugusana na ukuta wa friji wenye barafu, au vifurushi vya barafu kutiwa kwenye kikasha vikiwa vimetoka jokofuni wakati huo huo. Barafu iachwe nje mpaka ukitikisa usikie maji yakicheza ndani.

Ukishuku, tikisa. Chukua kichupa cha aina ile ile, mtengenezaji yule yule na toleo lile lile, kigandishe usiku kucha kwa makusudi, kiyeyushe, kisha kitikise pamoja na unachokishuku na uviweke mezani vikitazamana. Ngoja nusu saa. Kilichoganda kinashusha machicha chini na juu panakuwa maji. Kinachoshukiwa kikituama kwa kasi ile ile, hicho nacho kimekwisha. Kichupa kimoja hupotea kwa jaribio hili, na ni halali kipotee.

Sasa surua na rubela, jambo linalotuuma zaidi visiwani. Kichupa kina dozi 10. Kikishachanganywa na maji yake, muda wake ni saa 6 au mwisho wa kliniki, kinachotangulia. Analetwa mtoto wa miezi 9, peke yake. Muuguzi anahesabu: akifungua, dozi 9 zitamwagwa, na ripoti ya mwezi itaonyesha upotevu wa asilimia 90 kwa kichupa hicho. Anasema, "Mama, njoo Alhamisi, wakutane wengi." Alhamisi maji hayafai, au mume yuko baharini, au mtoto ana mafua. Kliniki haina daftari la watoto waliorudishwa, kwa hiyo kosa hili halionekani popote.

Njia ya kulipima ni kusimama mlangoni wanapotoka, kufungua kijitabu cha kila mtoto aliyefika kwa sababu yoyote ile, na kuhesabu wangapi walistahili chanjo siku hiyo na wangapi kati yao wameondoka bila. Msimamo wetu hauna kigugumizi: kichupa kifunguliwe kwa mtoto mmoja. Mpango wa siku maalum, wahudumu wa afya ya jamii wakiwapigia simu akina mama wa mtaa mzima, ni mzuri kwa kupunguza upotevu, ila usiwe sababu ya kumrudisha aliyekwisha vuka maji. Na anayesoma ripoti ya upotevu kaunti asimlaumu muuguzi wa kisiwa kwa hesabu za mjini.

Siku ya 4. Barazani

Mama huhojiwa mbali na dirisha la dawa, barazani au chini ya mwarobaini, kabla hajaondoka. Kumwuliza kama ameridhika ni kupoteza muda. Atasema alhamdulillahi, kwa adabu, na huenda ana sababu kumi za kulalamika. Mwulize yaliyotokea. Alikuja saa ngapi? Mtoto aliguswa? Aliambiwa ugonjwa unaitwaje? Kisha mwombe akuonyeshe.

"Bi mkubwa, mwana yeo amepewa dawa gani?"

"Hizi za homa. Na hizi, ameandika hapa."

Pakiti imeandikwa 1×2. Mmoja anaisoma kidonge 1 mara 2, mwingine vidonge 2 mara 1. Na kituo cha jirani huandika 2×1 kikimaanisha jambo lile lile. Bibi anamimina vidonge kiganjani, anavitenga viwili. Hapo umepata jibu ambalo daftari haliwezi kukupa.

Dawa ya malaria, AL (artemetha na lumefantrini), ina mtego wake. Mtoto wa kilo 5 hadi asiyefika 15 hupewa kidonge 1, dozi 6 kwa siku 3, na dozi ya pili hufuata ya kwanza kwa saa 8. Kuambiwa "asubuhi na jioni" hakutoshi siku ya kwanza. Akipewa kidonge cha kwanza kliniki saa 4 asubuhi, cha pili ni saa 12 jioni, na mama aondoke akitaja saa hiyo kwa mdomo wake. Kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zilizobaki, pamoja na chakula au maziwa ili dawa ifyonzwe.

Kwa kuharisha, uliza chombo. Pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ni ya nusu lita au ya lita nzima, imeandikwa juu yake. "Utaichanganya katika nini?" Wanaojibu kwa kuonyesha glasi, wakinyunyiza unga kidogo kidogo kila mtoto akitaka kunywa, watamnywesha maji yenye chumvi isiyopimwa. Chupa ya plastiki ya nusu lita inapatikana kila duka. Kituo kiwe nayo moja mezani ya kuonyeshea. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa wa miezi 6 na zaidi, 10 kwa wa chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Karibu kila anayeiacha huiacha siku kuhara kunapokoma, kwa kuwa hakuambiwa kwamba zinki inamkinga mtoto na mkupuo unaofuata.

Lugha nayo ni kifaa cha kupimia. "Anatapika?" si swali la dalili ya hatari, watoto wengi hutapika, swali ni, "Kila akila au akinywa, vyote vinarudi?" Degedege ndilo gumu kuliko yote. Kwa wazee wengi dege ni jambo la kuombewa na kufukiziwa, halitajwi mbele ya daktari, na ukiliuliza kwa jina utaambiwa hapana. Uliza kilichoonekana: mwili ulikakamaa? Mato (macho) yalipinduka? Aliitika alipoitwa? Mhudumu aliyeuliza hivyo anapata alama kamili hata kama neno lenyewe hakulitamka. Fomu zilizoandikwa kwa Kiswahili cha ofisini tulizisahihisha hapa hapa kabla ya kuendelea.

Siku ya 5. Rufaa

Mtoto aliye mahututi kisiwani ni nadra, kwa hiyo hupimwa kwa igizo. Karatasi inasema: mtoto wa miaka 2, kilo 10, homa tangu jana, degedege njiani, hanywi, kipimo cha malaria chanya. Saa inabonyezwa.

Sindano ya artesuneti kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa huyu ni 30. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nacho, hutikiswa mpaka kiwe angavu kama maji, kisha kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 za salini. Sasa kila mililita ina miligramu 20, na mtoto anapata mililita 1.5 pajani. Makosa huja kwa mpangilio huu: kutumia 2.4 kwa kilo, ambayo ni ya waliofika kilo 20 au zaidi, kuruka bikaboneti, kuchanganya mapema na kuiacha ikae. Dawa hii hutumika mara tu inapokuwa tayari.

Sukari ya damu hupimwa wakati huo huo. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, apewe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, yaani mililita 50. Vituo huwa na ya asilimia 50 tu, na hapo ndipo mikono husita. Chukua mililita 10 za hiyo, ongeza mililita 40 za maji ya sindano, umepata 50 za asilimia 10. Hesabu hii ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa. Saa 8 usiku hakuna anayepaswa kuigundua upya. Oksijeni ikisoma chini ya asilimia 90 kwenye kidole chenye joto na kisichotikisika, anahitaji kupewa. Kidole baridi au mtoto anayefurukuta hutoa tarakimu ya uongo, hivyo ngoja mapigo yaonekane yanapanda na kushuka kwa utulivu.

Nyakati tatu huandikwa: kufika hadi dozi ya kwanza; uamuzi wa rufaa hadi boti kung'oa nanga; kuondoka hadi kupokelewa. Ya kwanza iko mikononi mwa kituo. Ya pili ni maswali makavu ambayo lazima yaulizwe moja moja: mafuta yamo? Nahodha analala wapi na simu yake inashika? Maji yakiwa yamekauka, mtoto atabebwa hadi gati gani, na nani? Mara nyingi kinachoonekana katika ripoti kama "familia ilichelewa" ni dumu la mafuta lililofungiwa stoo na ufunguo uko kijiji cha pili.

Kisha linganisha walioandikiwa rufaa na waliopokelewa hospitalini. Usilinganishe kwa jina pekee. Swafiya wa daftari moja ni Safia wa jingine, Athman huwa Othman. Tumia umri, kijiji na tarehe pamoja.

Siku ya 6. Bara: Hindi na Mpeketoni

Siku ya madaftari. Wagonjwa wa chini ya miaka 5 huandikwa kwenye rejista ya MOH 204A, hujumlishwa kila mwezi katika MOH 705A na kuingizwa katika KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Chanjo zina MOH 510 na jumla yake MOH 710. Tunachukua miezi mitatu iliyopita na kuhesabu upya mstari kwa mstari. Kwa mfano, rejista ikitoa nimonia 46 na ripoti ikasema 58, gawa 46 kwa 58: 0.79. Tunakubali kati ya 0.90 na 1.10. Nje ya hapo tunatafuta chanzo, na mara nyingi hakuna aliyedanganya: waliorudi wamehesabiwa kama wapya, "kikohozi" kimejumlishwa na nimonia, au umri umeandikwa "1" na hakuna ajuaye ni mwezi au mwaka. Kuandika 1/12 kwa mwezi mmoja kunamaliza tatizo hilo.

Walioacha chanjo njiani: toa penta ya tatu kutoka ya kwanza, gawa kwa ya kwanza. Ikiwa 60 walianza na 51 wakamaliza, ni asilimia 15, na zaidi ya 10 ni dalili kwamba kuna kinachowakatisha. Ukikuta kituo kimechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, usikimbilie kusherehekea wala kushuku. Idadi ya walengwa ni makadirio ya sensa, na pwani hii familia za wavuvi huhama na pepo za kusi na kaskazi.

Onyo la tarakimu ndogo: kituo kilichofanya sawa kwa watoto 8 kati ya 10 si lazima kiwe "kizuri kwa asilimia 80". Kwa watoto 10 tu, ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 49 na 94. Kukipanga juu au chini ya jirani aliyepata 7 ni dhuluma.

Siku ya 7. Amu

Kila kituo kilikabidhiwa karatasi yake kabla boti haijaondoka, mambo matatu tu, yaliyosomwa pamoja na wahudumu wenyewe wakiwa na nafasi ya kubisha. Leo zinakusanywa kwa ajili ya kaunti, zikigawanywa mafungu mawili. La kwanza ni yasiyohitaji fedha: pumzi kabla ya mizani, kijitabu kifunguliwe mezani kwa mpimaji, chupa ya nusu lita ya kuonyeshea, hesabu ya glukosi ukutani, dozi iandikwe kwa maneno, "kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni". La pili ni ya wenye bajeti: friji, mafuta ya boti, vichupa vya surua vya kutosha kufunguliwa kwa mtoto mmoja. Kuyachanganya kunaupa kila upande mtu wa kumngoja.

Kurudia ni baada ya miezi mitatu, fomu zile zile, waangalizi wale wale. Mvua za masika zitakuwa zimebadili magonjwa, kwa hiyo malaria na kuharisha havitalinganishwa kwa idadi. Kitakacholinganishwa ni alama za kitendo, kwa kuwa dakika ya pumzi ni ile ile masika na kiangazi. Cha kwanza kurudiwa ni kituo cha ng'ambo ya Mkanda, siku ambayo maji yatakuwa yamejaa mapema asubuhi. Saa moja ya kuhesabia pumzi imebaki huko, imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, kabla ya kuifikia mizani.